Lugha ya Upangaji: Maneno na Viambishi katika Mkataba wa Nyumba nchini Kenya

Katika miji ya Kenya mapatano ya kupanga nyumba aghalabu hunenwa kwa Kiswahili na kuandikwa kwa Kiingereza. Mwenye kutafuta chumba hufika mlangoni, akaamkia, akauliza. Mwenye nyumba humwonyesha chumba, bomba la maji na choo, akamtajia kodi na siku ya kuilipa, na jambo likaisha pale pale ukumbini. Iwapo nyumba iko mikononi mwa wakala, baada ya siku chache mpangaji huletewa karatasi nne au tano zilizopigwa chapa kwa Kiingereza cha mawakili, akaonyeshwa kwa kidole mahali pa kutia sahihi. Aliyoyasikia ukumbini na aliyoyatilia sahihi si lazima yawe mamoja. Na iwapo nyumba ni ya kodi ndogo, basi hata karatasi hiyo haipo.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba upungufu uliopo si wa msamiati. Kiswahili kimekuwa lugha ya kupanga na kupangisha kwa muda mrefu kuliko mahakama zinazosikiliza kesi za wapangaji, na maneno yake ni mengi na makali. Kilichopungua ni uangalifu wa kuyatumia. Katika mkataba wa nyumba, neno moja huamua ni nani atakayerudishiwa fedha zake, na wakati mwingine kiambishi kimoja tu huamua ni nani atakayelipia ukuta uliochubuka.

Mkataba usioandikwa

Dhana ya kwanza inayostahili kuondolewa ni ile isemayo kwamba pasipo karatasi hapana mkataba. Dhana hii ina nguvu hasa miongoni mwa watu waliosoma kidogo, ambao wamefunzwa kuiheshimu karatasi kupita neno. Hebu yatazamwe mazungumzo ya kawaida katika nyumba ya Majengo, Mombasa:

"Shikamoo, mama. Nimeambiwa una chumba."

"Marahaba, mwanangu. Kipo kimoja, cha uani. Elfu nne kwa mwezi, na mwezi mmoja wa kuweka."

"Na maji je?"

"Maji yamo ndani ya kodi. Umeme kila mtu na wake."

"Basi nitahamia mwisho wa mwezi, inshallah."

"Karibu."

Maneno haya hayafiki hata nusu ukurasa, lakini ndani yake mna kitu kinachopangishwa, bei yake, kipindi cha kulipia, fedha za kuingilia, na mgawanyo wa gharama za maji na umeme. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 huyatambua mapatano ya namna hii. Upangaji wa muda usiozidi miaka miwili, au ule wa mwezi kwa mwezi, waweza kufanywa kwa mdomo. Na pale ambapo muda haukutajwa, sheria huutazama mpango wa kulipa kodi. Ailipaye kila mwezi ni mpangaji wa mwezi kwa mwezi, ailipaye kila wiki ni wa wiki kwa wiki. Waliosema kwamba ahadi ni deni hawakuwa mbali na wanasheria.

Kwa upande wa maduka na mikahawa jambo ni la ajabu zaidi. Sheria ya mwaka 1965 inayohusu maduka, hoteli na mikahawa, yaani Sura ya 301, huuweka upangaji usioandikwa miongoni mwa zile aina inazozilinda, pamoja na upangaji ulioandikwa wa muda usiozidi miaka mitano. Mwenye duka asiye na karatasi huenda akawa amehifadhiwa kuliko jirani yake mwenye mkataba mnene wa miaka kumi. Sheria hiyo hiyo humlazimu mwenye jengo kuweka daftari la kodi na kumpa mpangaji nakala yake, kana kwamba walioitunga waliwahi kuisikia methali kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Hata hivyo mazungumzo ya Majengo yameacha mambo matatu gizani. Huo "mwezi mmoja wa kuweka" ni fedha za namna gani? Kitakapovunjika kitu, nani atakitengeneza? Na siku wawili hawa watakapotaka kuachana, wataachana vipi? Kabla ya hayo, lakini, yafaa wahusika wenyewe watambuliwe kwa majina yao.

Anayepanga, anayepangisha, na mwenye nyumba

Kitenzi panga kina matawi mengi: kuweka vitu safu, kuandaa shauri, na kukaa katika nyumba ya mtu kwa malipo. Kwa kukitia kiambishi cha kutendesha, lugha hupata pangisha, na pande mbili za mkataba zikatengana papo hapo: mmoja apanga, mwenziwe apangisha. Kiingereza hutumia kitenzi kile kile kwa wote wawili, kikamwachia msikilizaji kazi ya kubahatisha. Ni hasara basi kwamba vijana wa Nairobi wamelitwaa neno hilo la Kiingereza, wakawa husema "amerenti nyumba" kwa aliyeingia na kwa aliyeingiza vilevile. Lugha iliyokuwa na vyumba viwili imevunjiwa ukuta wa katikati.

Kitenzi kodi, pamoja na kodisha, kina njia yake. Baiskeli hukodiwa, gari hukodiwa, shamba hukodiwa kwa msimu. Nyumba ya kuishi hupangwa. Mipaka hii haiheshimiwi na kila msemaji, lakini mwandishi wa mkataba angefanya vyema kuishika, kwa sababu sheria za nyumba ya kuishi si zile za shamba wala za gari.

Ama kuhusu huyo anayepangisha, jina la "mwenye nyumba" ndilo linalotumiwa na watu wote, na linatosha mazungumzoni. Katika mkataba linaweza kupotosha, kwa maana anayepangisha si lazima awe mwenye kumiliki. Aweza kuwa mpangaji aliyekubaliwa kupangisha sehemu kwa mtu wa tatu, au mrithi mmoja kati ya warithi saba. Neno mpangishaji ni zito kidogo ulimini, lakini husema kweli: hutaja tendo, halidai umilikaji.

Pwani ya Kenya neno hilo la mwenye nyumba lina uzito usioeleweka upesi na mtu wa bara. Mombasa, Malindi na miji mingine ya pwani kuna utaratibu uitwao "nyumba bila ardhi". Ardhi ni ya mtu mmoja, ya ukoo, au ya wakfu. Nyumba iliyosimama juu yake ni ya mtu mwingine, ambaye humlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Mwenye nyumba huyo aweza kuiuza nyumba yake, kuirithisha wanawe, na kupangisha vyumba vyake sita kwa watu sita, ilhali hana hata shubiri ya mchanga ulio chini ya msingi. Kwa mwenye ardhi yeye ni mpangaji. Kwa watu wa vyumbani yeye ni mwenye nyumba.

Sheria ya Kiingereza haikuwa na mahali pa kumweka mtu huyu. Kanuni yake ya zamani ni kwamba kilichoshikamanishwa na ardhi ni ardhi, na mwenye ardhi ndiye mwenye kila kilichosimama juu yake. Hata jina la mpangishaji katika Kiingereza limejengwa kwa maneno mawili, "ardhi" na "bwana". Kiswahili kilitenganisha mambo hayo mawili, kikawa na mwenye ardhi upande huu na mwenye nyumba upande ule, kwa sababu maisha ya pwani, pamoja na fikihi iliyoyaongoza, yaliyatenganisha. Kuanzia mwaka 1908, chini ya sheria ya hatimiliki iliyotungwa kwa ajili ya pwani, waliodai ardhi walianza kuandikiwa vyeti. Wenye nyumba wengi hawakuwa na cha kuandikisha ila kuta na paa. Tangu hapo mgogoro haujaisha. Mahakama za Kenya zimekiri katika kesi kadhaa kwamba utaratibu huu ni wa pwani na una sura yake, lakini kukiri kuwapo kwa jambo si sawa na kulipa kinga. Mwenye ardhi akiuza kiwanja, mnunuzi huja na cheti mkononi, na mwenye nyumba huja na risiti za kodi ya kiwanja, iwapo alizitunza.

Nairobi nayo ilijua jambo linalofanana na hilo. Katika Pumwani ya miaka ya 1920 ardhi ilikuwa ya halmashauri ya mji, na Waafrika waliruhusiwa kujijengea nyumba juu yake. Sehemu kubwa ya wenye nyumba hao walikuwa wanawake, nao walipangisha vyumba kwa wafanyakazi waliofurika mjini. Mfasiri atakayemwita kila mmoja wa wanawake hao "bwana wa ardhi", kwa kufuata Kiingereza neno kwa neno, atakuwa amekosea mara mbili.

Kodi

Neno kodi hubeba mizigo miwili. Kodi ni malipo ya mpangaji kwa mpangishaji, na kodi ni malipo ya raia kwa serikali. Serikali ya kikoloni ilipoanza kutoza kila kibanda mwaka 1901, ushuru huo nao uliingia katika neno hilo, na vitabu vya historia huuita "kodi ya kibanda" au "kodi ya nyumba". Kwa hiyo babu aliyesema "nimelipa kodi ya nyumba" alikuwa na maana ya kwamba amelipa serikali kwa kuwa na nyumba yake mwenyewe. Mjukuu asemaye maneno hayo hayo huwa amelipia nyumba isiyo yake. Tanzania na baadhi ya waandishi wa Kenya hutumia "pango" kwa malipo ya nyumba, na neno hilo lingeondoa utata, ijapokuwa lina pacha wake, yaani lile shimo la mwambani. Katika mkataba, "kodi ya pango" ni usemi ulio wazi kuliko yote.

Kuna neno la tatu, ijara, lililokuja na fikihi na linalofahamika zaidi pwani. Wanazuoni huieleza ijara kuwa ni kuuza manufaa ya kitu pasipo kukiuza kitu chenyewe. Maelezo hayo yana tija kubwa, kwa sababu yaonyesha kwa nini kodi hulipwa: hulipwa kwa manufaa. Manufaa yakiondoka, nyumba ikianguka au ikiungua, hakuna tena kinachouzwa. Sheria ya Kiingereza ilianza upande mwingine kabisa. Mwaka 1647, katika kesi iitwayo Paradine v Jane, mpangaji aliyefukuzwa kutoka ardhi yake na jeshi la Mwanamfalme Rupert wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe aliambiwa na mahakama kwamba kodi yapasa ilipwe vilevile. Alikuwa ameahidi kulipa. Kwamba hakupata manufaa yoyote hilo halikuwa shauri la mahakama. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 imekaa karibu na ijara kuliko kesi ya 1647: nyumba ikiharibiwa na moto au mafuriko pasipo kosa la mpangaji, hata isiweze kukaliwa, kodi husimama kwa kiasi cha hasara iliyopatikana hadi nyumba itengenezwe.

Kiasi cha kodi ni jambo jingine. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, Sura ya 296, ni ya mwaka 1959, lakini nasaba yake ni ndefu. Mwaka 1915 wenye nyumba wa Glasgow walipandisha kodi wakati wanaume wako vitani. Akina mama wa mji ule, Mary Barbour akiwa mmoja wa viongozi wao, walikataa kulipa nyongeza, na bunge la Uingereza likalazimika kuzuia kodi zisipande. Wazo hilo lilisafiri hadi makoloni, likashika nguvu Kenya wakati wa Vita Vikuu vya Pili, miji ilipojaa watu na nyumba zikawa chache. Kwa hiyo mpangaji wa Shauri Moyo anayekwenda mbele ya baraza la kodi anafaidi, pasipo kujua, matunda ya ubishi wa wanawake wa Skotland.

Msingi wa sheria hiyo ni kile ambacho hapa kitaitwa "kodi ya kipimo". Nyumba iliyokuwa imepangishwa tarehe 1 Januari 1981 kodi yake ya kipimo ni ile iliyolipwa kihalali siku hiyo; nyumba nyingine hupimiwa na baraza kwa kutazama gharama ya ujenzi na thamani ya kiwanja. Sheria hulinda nyumba ambazo kodi yake ya kipimo haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Wafasiri wengine huandika "kodi ya kawaida", na hapo ndipo mtu hupotezwa njia. Kodi ya kawaida, kwa sikio la Mswahili, ni kodi inayotozwa na watu wengi mtaani wakati huu. Chumba cha uani cha Majengo hutozwa elfu nne, na mpangaji aliyeambiwa kwamba sheria hulinda "kodi ya kawaida" isiyozidi 2,500 ataona kwamba yeye hahusiki, akanyamaza. Lakini ikiwa chumba hicho kilipangishwa mwaka 1981 kwa shilingi mia tatu, kipimo chake ni hizo mia tatu, nacho kimo ndani ya sheria. Neno moja la mfasiri limemtoa nje.

Hapana shaka kwamba kima cha shilingi 2,500 kimepitwa na wakati, na kwamba shilingi ya 1981 haikuwa shilingi ya leo. Mswada wa mwaka 2021 ulikusudia kuziondoa Sura ya 293, ya 296 na ya 301 na kuweka sheria moja mahali pake. Ubishi ulioandamana nao ulionyesha jinsi wenye nyumba na wapangaji wanavyotofautiana kuhusu hata maana ya kodi ya haki. Lakini mswada, kama zilivyo hizo sheria, uliandikwa kwa Kiingereza. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 hukitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Tanzania ilitamka kwa sheria mwaka 2021 kwamba Kiswahili ndicho lugha ya sheria zake. Nchini Kenya mwenye kuitaka sheria ya nyumba kwa Kiswahili hujitafsiria mwenyewe.

Fedha za kuingilia

"Mwezi mmoja wa kuweka" huitwa mjini "dipositi", nalo neno hilo la kigeni limependwa kwa sababu halisemi kitu. Ukimwuliza mpangaji, ni fedha zake zilizohifadhiwa. Ukimwuliza mpangishaji, ni fedha zake za kujikinga. Ukiwauliza wote wawili siku ya kuhama, hapatakuwa na jibu bali zogo. Lugha ina maneno manne ambayo yangeweza kulitatua zogo hilo mapema, na kila moja hutoa hukumu tofauti.

Arbuni ni fedha atoazo mnunuzi au mpangaji kuthibitisha kwamba hatabadili nia. Biashara ikitimia, huhesabiwa katika bei. Mtoaji akighairi, kwa desturi ya wafanyabiashara, huzipoteza. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, hawakuikubali desturi hiyo ya kuzila fedha za aliyeghairi, lakini sokoni imeendelea. Mpangishaji aandikaye arbuni kwenye risiti amejipa hoja ya kusema kwamba fedha hizo ziliisha kazi yake siku mpangaji alipoingia.

Amana ni kinyume. Amana ni kitu cha mtu kilichowekwa kwa mwenziwe kihifadhiwe na kirudishwe kama kilivyo. Aliyekabidhiwa haruhusiwi kukitumia. Hata kikipotea pasipo uzembe wake, halipi. Wapangaji hulipenda neno hili, na ni rahisi kuona sababu. Lakini ni vigumu kumpata mpangishaji ambaye amezifunga noti za mpangaji katika bahasha na kuzitia sandukuni zimngoje. Zimekwisha kununua mabati. Na iwapo zimepotea, mpangaji hatafurahi kuambiwa kwamba amana ni amana.

Rahani ni kitu kinachoshikwa kwa ajili ya deni: deni likilipwa, kitu hurudi, lisipolipwa, mshikaji hujilipa humo na kurudisha kilichobaki. Neno hili ndilo lililo karibu kupita yote na jambo lenyewe, kwa kuwa fedha za kuingilia hushikwa zisaidie kodi isiyolipwa na uharibifu usiotengenezwa. Kasoro yake ni kwamba hukumbusha watu duka la mkopeshaji na bangili za mama zilizokwama humo. Limebaki dhamana, ambalo limezoeleka mahakamani na katika benki, lina maana iliyo jirani ya rahani, na halina aibu. Kwa hiyo yafaa mkataba useme "fedha za dhamana", na usiishie hapo. Katika nyumba za kuishi jambo hili limeachiwa zaidi mapatano ya wahusika wenyewe, hivyo lisiloandikwa halitakuwa na pa kusimamia. Ziandikwe sababu zinazoweza kumfanya mpangishaji akate, na siku ambazo hatazipita kabla ya kurudisha. Wapangaji wengi, kwa kutoamini, hukaa mwezi wa mwisho bila kulipa na kusema "kata kwenye dipositi". Desturi hii huonekana ya werevu, lakini humwacha mpangishaji bila kinga siku ile ile anapoihitaji, naye kwa tahadhari humtoza mpangaji ajaye miezi miwili.

Haribu, haribika, haribiwa

Hapa ndipo sarufi inapoingia mfukoni mwa mtu. Karatasi nyingi za upangaji zilizoandikwa kwa Kiswahili, zile fupi zinazotungwa na wenye nyumba wenyewe, huwa na sharti kama hili: "Mpangaji atalipia kitu chochote kitakachoharibika." Mwandishi wake labda alidhani ameandika jambo la haki. Lakini kitenzi haribika kimebeba kiambishi cha hali, na kiambishi hicho huliondoa jina la mtenda kabisa. Kitasa huharibika kwa kutu. Rangi huharibika kwa jua. Bomba huharibika kwa sababu lilitiwa na fundi aliyelewa miaka kumi kabla ya mpangaji kuzaliwa. Kwa sharti hilo, yote ni mzigo wa mpangaji.

Tofauti na hilo, "kitu chochote kitakachoharibiwa" huashiria kwamba yupo aliyetenda, ijapokuwa halimtaji: aweza kuwa mwizi, aweza kuwa mtoto wa jirani. Na "kitu chochote atakachokiharibu mpangaji, watu wa nyumbani mwake au wageni wake" humtaja mtenda kwa jina na kumfunga kwa tendo lake, wala si kwa kazi ya jua na kutu. Sharti hili la mwisho ndilo linalolingana na kanuni ya sheria, inayomtaka mpangaji kuitunza nyumba lakini humsamehe kuchakaa kunakotokana na matumizi ya kawaida. Kwa kuchakaa huko Kiswahili kina neno zuri, uchakavu, litokanalo na kitenzi chakaa, ambacho hakihitaji mtu wa kukitenda: kitu huchakaa chenyewe. Mkataba ukisema kwamba "mpangaji hatalipia uchakavu", umesema kwa maneno matatu jambo ambalo mawakili hulisema kwa mstari mzima.

Kwa upande wa mpangishaji, Sheria ya Ardhi humbebesha paa, kuta kuu na mifereji mikuu pale anapopangisha sehemu tu ya jengo, na hii ndiyo hali ya vyumba vingi vya mjini. Wahusika wanaweza kukubaliana vingine kwa maandishi, na ndiyo maana kauli za vitenzi hazina budi kuchunguzwa. "Paa litatengenezwa" ni ahadi isiyo na mwenyewe. Na nani? Lini? Kauli ya kutendwa ni kichaka kizuri cha kujifichia, na hukumu inayofaa juu yake ni kuikataa kila mahali ambapo mkataba unaahidi kazi au fedha.

Ilani na kufuli

Watu husema "notisi", na wengine "ilani". Lolote kati ya hayo lafaa, mradi lisichanganywe na "onyo". Onyo humwambia mtu abadili mwenendo. Ilani humwambia kwamba mkataba utakwisha siku fulani. Barua isemayo "unaonywa uhame" haijawa onyo wala ilani.

Kwa upangaji wa mwezi kwa mwezi, Sheria ya Ardhi huzitaka pande zote mbili kutoa ilani isiyopungua kipindi kimoja cha upangaji, nayo iishe siku ambayo kodi hulipwa. Watu wengi hulishika jambo la kwanza na kuliacha la pili. Tuseme kodi hulipwa tarehe 5, na ilani imetolewa tarehe 12 Machi. Mwezi mmoja hutimia tarehe 12 Aprili, lakini hiyo si siku ya kodi. Siku ya kodi inayofuata ni tarehe 5 Mei, na hiyo ndiyo siku ya mwisho. Mwezi wenyewe ni wa kalenda ya serikali; wazee wa pwani wanaohesabu kwa mwandamo yafaa waandike tarehe.

Ilani kuisha si ruhusa ya kumtoa mtu kwa nguvu. Lugha hutenga mambo hayo kwa usahihi: mpangaji huhama, mpangishaji aweza kumtaka ahame, lakini kumhamisha asiyetaka ni kazi ya amri ya baraza au mahakama. Kwa nyumba zilizo chini ya Sura ya 296 baraza haliwezi kutoa amri hiyo ila kwa sababu zilizotajwa, kama vile kodi isiyolipwa au kero kwa majirani, na baada ya kuona kwamba ni haki kufanya hivyo. Kwa mujibu wa sheria hiyo ni kosa la jinai kumsumbua mpangaji ili achoke ahame. Kutia kufuli la pili mlangoni, kung'oa mlango au kukata maji ni mambo ya kawaida mitaani, na kwa ukawaida wake yamedhaniwa kuwa haki ya mwenye nyumba. Sharti lisemalo "akichelewa kulipa, mlango utafungwa" huandikwa bila haya na kutiwa sahihi bila swali. Lakini sahihi ya mpangaji haiwezi kulibatilisha katazo la sheria. Mpangishaji anayedai malimbikizo ana njia yake katika Sura ya 293: mali ya mpangaji yaweza kukamatwa na kuuzwa ili kodi ilipwe, lakini kwa mkono wa dalali mwenye idhini. Mwenye nyumba anayebeba redio ya mpangaji usiku hajakamata mali. Amenyang'anya.

Limebaki sharti moja, ambalo limo katika kila mkataba wa Kiingereza na ambalo wafasiri wamelitesa kuliko yote. Mpangishaji huahidi kwamba mpangaji ataishika nyumba bila kuingiliwa naye wala na mtu aliyepata haki kupitia kwake. Kiingereza hulisema hilo kwa maneno mawili, la kwanza likifahamika siku hizi kuwa kimya na la pili kuwa furaha, na karatasi moja baada ya nyingine imeandikwa kwamba mpangaji "atafurahia nyumba kwa ukimya". Mpangaji aliyesoma hivyo hudhani amekatazwa kupiga muziki. Kumbe ahadi ni yake, si juu yake. Asili ya maneno hayo ni utulivu wa haki na kufaidi manufaa, na Kiswahili kina kitenzi kinachofaa kabisa, bughudhi, pamoja na lile manufaa la wanazuoni wa ijara. Sharti lingeweza kuandikwa hivi: "Maadamu mpangaji analipa kodi na kutimiza masharti yake, mpangishaji hatambughudhi, wala hataingia chumbani pasipo kumpa taarifa, wala hatamzuilia manufaa yoyote ya nyumba aliyoyalipia." Sharti hilo latosha pia kulijibu kufuli.